Pampu ya Kwenda Ngorongo

Ndugu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda akaaye Temeke, ametuletea shauri lililoanza kama ubishi wa mezani kati yake na mkewe, nasi tumeona linazihusu nyumba nyingi za mjini zenye jamaa mashambani. Ndugu huyu amemnunulia dada yake baiskeli. Dada yake ni mkulima wa Ngorongo, katika bonde la mto Rufiji, mama wa watoto watatu, na kwa miaka mingi amekuwa akitegemea baiskeli za kuazima. Baiskeli yenyewe haina mgogoro. Ni ile ya kawaida, nyeusi, ya magurudumu makubwa na karia imara ya chuma, ya namna ambayo wazee wetu waliijua kwa majina ya Raleigh na Phoenix, na ambayo hapa nchini, wakati wa kiwanda cha umma cha NABICO, ilitengenezwa kwa jina la Swala. Mgogoro umezuka juu ya vifaa vya kwenda navyo.

Muuza duka alimwonyesha mfuko mdogo mweusi wenye zipu. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kukunja mfano wa kisu, chenye ncha kumi na tano za kila namna. Pampu fupi isiyozidi shubiri moja. Vichupa viwili vya chuma vyenye gesi iliyoshindiliwa, ambayo yasemekana hujaza tairi kwa muda wa kupepesa jicho. Na viraka vinavyojinata vyenyewe bila solusheni. Mume aliupenda mfuko huo. Mke akasema kwamba wifi yake hana haja ya mapambo, na fedha hizo afadhali zinunue tairi la akiba. Wakashindwa kuafikiana, wakatuandikia.

Kabla ya kuwaamua wawili hawa, yafaa tutazame baiskeli hiyo itakwenda kufanya kazi gani. Mtu wa mjini akipata pancha kati ya Tandika na Buguruni, tatizo lake ni la nusu saa. Ataisukuma baiskeli hadi kwenye mti wa karibu, atamkuta fundi ameketi na karai lake la maji, atalipa, ataondoka. Bonde la Rufiji lina desturi nyingine. Mwaka 1968, baada ya mafuriko, Serikali ilianza kuwahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya miinukoni. Nyumba zikahama, lakini rutuba haikuhama. Mpunga bado unataka bonde, na kilimo cha mlau, yaani kile kinachofuata maji yanapopungua, bado kinataka udongo ambao mto umeuacha. Kwa hiyo mtu analala juu na kulima chini, na wakati wa kuwinga ndege na ngedere huhamia kabisa shambani, akaishi katika dungu juu ya nguzo. Safari kati ya nyumba na shamba ndiyo maisha yenyewe, na baiskeli ndiyo inayoifupisha.

Tuongeze na shughuli nyingine. Samaki wa mtoni na wa maziwa yaliyo kandokando ya mto hawasubiri. Katika joto la bonde, aliyevuliwa alfajiri akichelewa hadi saa saba mchana anakuwa hasara. Gunia la ufuta laweza kusubiri, lakini mwenye gari la kulinunua hasubiri. Na mtoto mwenye homa kali, aliyefungwa kwa kanga mgongoni mwa mama yake, ndiye asiyeweza kusubiri kuliko wote. Mama huyo akipasukiwa na tairi katikati ya njia ya mchanga, mbali na kila nyumba, hana mti wa fundi wa kuukimbilia. Ana alichokibeba. Hilo ndilo swali la ndugu yetu wa Temeke: je, dada yake abebe nini, kilichomo mkononi mwake kiweze kumfikisha?

Tuanze na pampu, kwa kuwa vifaa vingine vyote bila pampu ni chuma cha kubeba bure. Na kabla ya pampu, tuanze na valvu, kwa sababu pampu isiyokubaliana na valvu haifai kitu hata ingekuwa ya dhahabu.

Valvu za baiskeli zinazoonekana kwetu ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile ya baiskeli kubwa nyeusi, ambayo wengi huiita ya Dunlop, kwa jina la yule daktari wa mifugo wa mjini Belfast, John Boyd Dunlop, aliyepata hati ya tairi la upepo mwaka 1888. Valvu hiyo haikubuniwa naye. Ilikuja miaka michache baadaye. Ndani yake mna kijiti cha shaba chenye tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo kimevalishwa kimpira chembamba. Upepo ukiingia hukisukuma kimpira na kupita. Ukitaka kurudi, kimpira huliziba tundu. Ya pili ni valvu ya gari, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya pikipiki: nene, yenye sindano katikati. Ya tatu ni nyembamba na ndefu, yenye kinati kidogo kichwani cha kulegezwa kabla ya kujaza; hiyo ni ya baiskeli za mashindano, nayo hatuna haja ya kuizungumza zaidi katika safari ya Ngorongo.

Baiskeli ya dada huyu ina valvu ya kwanza. Basi mume na aende kwa muuza duka akaulize swali moja tu: je, pampu hiyo ya shubiri moja inaingia kwenye valvu hii? Nyingi ya pampu hizo fupi hutengenezwa kwa ajili ya valvu ya pili na ya tatu. Kwa ya kwanza baadhi yake huhitaji kichwa kidogo cha kuongezea, na kichwa hicho ni kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi, ambacho kikianguka mchangani mara moja, pampu imekwisha kazi. Pampu ya kale yenye mpira wa kuunganishia unaopindika, ambao ncha yake hufungwa kwa skrubu juu ya valvu, haina kichwa cha kupotea. Tena ncha hiyo ndiyo iliyomo katika pampu ya jirani, na ya jirani wa jirani. Mtu wa kijijini hapaswi kuwa na kifaa ambacho hakuna mwingine awezaye kumwazima mfano wake.

Kuna jambo jingine linaloisema vibaya pampu fupi, nalo ni la hesabu. Tairi la baiskeli kubwa, lile lililoandikwa ubavuni 28 x 1½, lina nafasi ndani yake ya lita mbili na nusu hivi. Tukitaka lijae hadi pauni 50 kwa inchi ya mraba, kiasi cha kustahimili mtu na mzigo, ni lazima tuingize upepo wa nje wa lita nane na zaidi. Pampu ndefu ya kufungwa kwenye fremu, yenye mfereji wa upana wa milimita 20 na mwendo wa sentimita 40, hutia takriban robo ya nusu lita kila inaposukumwa. Kwa hesabu, misukumo 65 yatosha. Kwa vitendo, kwa kuwa upepo kidogo huvuja na mkono huchoka, tuseme inakaribia mia. Pampu ya shubiri moja, yenye upana huo huo, haina mwendo zaidi ya sentimita 10. Hiyo itadai misukumo zaidi ya 260 kwa hesabu tu, na kwa vitendo tusihesabu. Jaribu, ndugu msomaji, kuikunja na kuikunjua mikono yako mara mia tatu saa sita mchana, mtoto akilia mgongoni.

Pengine mtu atauliza: mbona tusichukue pampu nene zaidi, tukaupunguza muda? Hapo napo pana mpaka wake. Nguvu anayoitumia mtu hutegemea upana wa mfereji. Upepo ukifika pauni 50, mwenye pampu ya milimita 20 anasukuma kwa nguvu ya kilo 11 hivi. Mwenye pampu ya milimita 30 itambidi atie nguvu ya kilo 25, yaani kama kunyanyua nusu ya mfuko wa saruji kila msukumo. Ndiyo maana pampu nene hutengenezwa kwa kusimamishwa chini, ikakanyagwa kwa miguu na kusukumwa kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Hiyo ni pampu nzuri ya nyumbani, na yeyote awezaye kuinunua na aiweke uani, watoto wa jirani watamwombea dua. Kwa njiani, chagua nyembamba na ndefu.

Tunaposema ichaguliwe, hatusemi itazamwe rangi. Muuza duka akupe pampu mkononi. Ivute mpini mpaka mwisho, ziba tundu lake kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha usukume. Pampu nzima itakataa kuingia, nawe ukiuachia mpini utaruka kurudi nyuma. Ikiwa mpini unazama polepole huku kidole chako hakijaachia, basi washa ya ndani haikamati, na upepo unarudi ulikotoka. Ifungue pia uitazame washa hiyo. Ikiwa ni ya ngozi, hiyo ndiyo ya kuchukua kwa mtu wa mbali: ikikauka hupakwa mafuta kidogo, hupanuliwa ukingo wake kwa kidole, ikaendelea, ikichakaa, fundi yeyote hukata nyingine katika kipande cha ngozi ya kiatu. Ikiwa ni ya mpira, isiguswe na mafuta ya taa wala ya injini, maana itavimba na kuharibika.

Sasa vichupa vya gesi. Ni kweli kwamba hujaza kwa kasi; waendesha baiskeli wa mashindano huko Ulaya huvitumia kwa kuwa wao hushindana na sekunde. Aghalabu kimoja hubeba gramu 16 za gesi, ambazo ni kwa tairi moja, mara moja. Ukikosea kukifunga, gesi yote inakwenda hewani na mkono wako unapata baridi kama barafu. Ukikitumia vema, gesi hiyo hupenya mpira upesi kuliko upepo wa kawaida, na baada ya siku moja au mbili tairi limelegea tena. Kichupa kitupu hakijazwi. Ni cha kutupa. Dada yetu atakinunua wapi kingine? Hapo mke amesema kweli, na mume, kwa heshima yote, na aviache vichupa dukani.

Shauri la viraka ni refu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu pancha nyingi zinazorudi baada ya siku mbili hazirudi kwa ajili ya mwiba mpya. Hurudi kwa ajili ya haraka. Viraka vinavyojinata vyenyewe vyaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini kwenye baiskeli inayobeba gunia, katika mchanga uliochemka, havikai. Kiraka kinachokaa ni kile cha solusheni. Tyubu husuguliwa kwa msasa mpaka ule mng'ao wake upotee. Solusheni hupakwa utando mwembamba, kupita ukubwa wa kiraka. Kisha, na hapa ndipo penye siri yote, mtu hungoja. Angoje dakika tano, mpaka solusheni isionekane mbichi na kidole kikigusa ukingoni kisitoke na uzi. Ndipo abandike na kukandamiza kwa nguvu. Anayebandika ikiwa mbichi amebandika uji.

Tena kabla ya kurudisha tyubu, mkono upitishwe polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, umejificha ndani ya mpira, ncha yake ikisubiri tyubu iliyozibwa. Upitishwe taratibu, tumesema, ama sivyo mwiba utaonekana kwa damu. Wengine hutumia kitambaa, kikinasa wamejua.

Kwa safari ya mbali, usinunue solusheni moja kubwa. Nunua mbili ndogo. Solusheni ikishafunguliwa, hata mfuniko ukifungwa vipi, joto huikausha, na mtu huigundua imekuwa jiwe siku ile anayoihitaji. Moja itumike, nyingine ikae haijatobolewa. Viraka vyenyewe vikiisha si neno: tyubu kuukuu iliyokatwa vipande na kusuguliwa vizuri hutoa viraka vya mwaka mzima. Na pamoja na viraka, kwa baiskeli hii, kuwe na vile vimpira vyembamba vya valvu, vitano au sita, vimefungwa katika karatasi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfuko huo, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kimpira kikikaa muda mrefu huoza au hugandana na shaba. Tairi hulegea kila asubuhi, watu wakatafuta pancha kwenye karai la maji wasiione, wakalaumu uchawi wa mchanga. Kabla ya kutafuta tundu kwenye tyubu, tia mate kidogo mdomoni mwa valvu. Likitokea povu, tatizo liko hapo.

Kubandua tairi nako kuna adabu yake. Bisibisi isitumike hata kidogo; ncha yake huuma tyubu, ukaziba tundu moja na kutoboa mawili. Vyuma bapa vya kubandulia vimetengenezwa kwa kazi hiyo, vitatu vyatosha, navyo viwe vya chuma, kwa kuwa vya plastiki huvunjika kwenye matairi mazito. Vijiko viwili vya zamani, vile vizito visivyopinda, hufanya kazi hiyo hiyo, na mafundi wengi wameishi navyo. Wakati wa kurudisha tairi, kipande cha mwisho kiingizwe kwa vidole gumba, si kwa chuma. Kitakuwa kigumu, lisukume kwanza tairi lote liingie katikati ya rimu, utaona linalegea.

Tukija kwenye spana, ndipo tunapolitazama lile jisu la ncha kumi na tano. Tuseme wazi kwamba si kifaa kibaya. Ni kifaa cha baiskeli nyingine. Ncha zake nyingi ni za skrubu za pembe sita za ndani, zile zinazofunguliwa kwa spana ya umbo la L, nazo ziko kwenye baiskeli mpya za gia na za milimani. Baiskeli nyeusi ya dada yetu imefungwa kwa nati za kawaida kila mahali: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, kiti, breki, karia. Katika ncha zote kumi na tano hamna hata moja ya kuifungua nati ya ekseli ya nyuma, na bila kuifungua nati hiyo gurudumu halitoki. Kinachotakiwa ni spana yenye matundu ya ukubwa mbalimbali pande zote mbili, ile iliyo na umbo la mfupa, ambayo moja hubeba vipimo vya baiskeli karibu vyote. Na pamoja nayo spana moja madhubuti ya kipimo cha nati ya nyuma, ambayo katika baiskeli nyingi ni milimita 15. Lakini usiuamini wino wetu. Ichukue spana dukani, ivalishe kwenye nati ya baiskeli uliyoinunua. Ikiwa inacheza, itakula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe haifunguki ila kwa patasi.

Mtu atasema, kwa nini tusibebe ile spana inayopanuka na kupungua ikaingia kila nati? Mafundi huiita kwa jina ambalo ukurasa huu wa familia hauwezi kulichapa. Ni ya msaada, naam, lakini ya bei rahisi hulegea ikiwa imekamatia, na kosa lake ni lile lile la kula pembe. Iwe ya pili, isiwe ya kwanza. Na spana yoyote ya chuma laini, ile inayofunguka mdomo ukiitia nguvu, haina bei iliyo ndogo ya kutosha.

Koleo dogo laongezwa, kwa sababu mnyororo wa baiskeli hii una kiungo kimoja chenye kilipu, nacho huondolewa na kurudishwa kwa koleo. Kilipu kimoja cha akiba kisindikizwe. Kuhusu kotapini, zile pini zinazoshika mikono ya pedali, hizo hulegea taratibu na kutoa sauti ya tak, tak, kila mzunguko. Njiani jiwe na nati iliyokazwa vitatosha kumfikisha mtu. Nyumbani amwendee fundi, wala asiendelee kuikanyaga kwa wiki nzima, kwa maana pini iliyolegea hulila tundu la mkono wenyewe. Spoku za gurudumu la nyuma ndizo zinazokatika kwa mzigo. Iliyokatika izungushwe kwenye jirani yake isije ikaingia kwenye fremu, safari iendelee polepole. Ufunguo wa kukazia spoku usiwe katika mfuko wa mtu asiyefundishwa kuutumia, kwa kuwa hupindisha rimu nzima kwa nia njema.

Sasa turudi kwa mke, naye na ahesabiwe haki yake. Tairi la akiba ni wazo jema, ila si la kubebwa njiani, na si tairi lolote. Hapa watu wengi hupoteza fedha. Tairi la 26 x 1⅜ na la 26 x 2.125 yote huitwa ya 26, lakini rimu zake hazilingani: ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590, ya pili 559. Moja halivaliki kwenye rimu ya jenzake, hata ukimwita seremala. Na la 28 x 1½ la baiskeli hii linataka rimu ya milimita 635, si nyingine. Aandike namba hizo zilizo ubavuni mwa tairi kwenye karatasi, aende nazo dukani, wala asiseme tu kwamba anataka tairi kubwa. Kwa mfuko wa njiani, badala ya tairi, akate kipande cha tairi kuukuu cha urefu wa kiganja. Tairi likichanika ubavu kwa kisiki, kipande hicho huwekwa ndani kati ya tairi na tyubu, nalo likafika. Na ikiwa kila kitu kimeshindikana, solusheni imekauka na viraka vimekwisha, yapo mambo mawili ya wazee: kufunga fundo kwenye tyubu mahali palipotoboka, au kulishindilia tairi majani makavu mpaka likaze. Mwendo utakuwa wa kuchekesha, lakini rimu itapona.

Jambo moja la bondeni hasa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji na Kibiti, na hata katika miaka ya kawaida mto huja ukaondoka. Mahali maji yalipopita, udongo mweusi hunata kwenye magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka. Kijiti ndicho kifaa chake, wala hakinunuliwi. Lakini baiskeli iliyozama ekseli yake majini, hata kwa nusu saa tu, yataka ifunguliwe, gololi zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe na kutiwa grisi mpya kabla ya wiki kwisha. Kutu ya ndani haionekani. Husikika tu, baada ya gololi kuvunjika. Hiyo ni kazi ya nyumbani au ya fundi, na kikopo kidogo cha grisi kiende pamoja na baiskeli.

Linabaki swali ambalo ndugu yetu hakuuliza, nasi twalijibu bila kuulizwa. Katika barua nzima amezungumza kana kwamba vifaa hivi vitatumiwa na shemeji yake au na mtoto wa kiume mkubwa. Baiskeli ameipewa dada. Atakayekuwa njiani pancha ikitokea ni dada. Kuziba pancha hakuhitaji kifua kipana; kunahitaji kungoja dakika tano, na twajua nani katika nyumba zetu ana subira zaidi. Badala ya kuituma baiskeli juu ya basi kutoka Mbagala ikiwa na mfuko uliofungwa, mume na mke wasafiri nayo, kama alivyoandika kuwa atapata likizo. Wakishafika Ngorongo, jioni ya kwanza, waketi uani watatu, walitoe upepo gurudumu la nyuma, na dada alifungue mwenyewe toka nati ya kwanza mpaka msukumo wa mwisho. Mume asishike spana. Aikate tyubu kidogo kwa makusudi ikibidi. Kiraka cha kujifunzia si hasara. Akilifanya mara mbili, mara ya tatu atamfundisha binti yake.

Mfuko wenyewe usiwe ule wa zipu. Mchanga huila zipu katika mwezi mmoja. Kipande cha turubai chenye mifuko midogo iliyoshonwa, kikakunjwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu, hutosha, na ukanda huo huo hufunga mzigo. Mke ana cherehani, ametuandikia hivyo mwishoni mwa barua kwa mwandiko wake mwenyewe. Basi na aushone yeye, pamoja na kitambaa cha kufutia mikono ndani yake, na ufungwe chini ya kiti. Usiwekwe kwenye karia, kwa sababu karia ina wenyewe. Pampu ikae kwenye fremu safarini, na siku za soko itolewe, ishikwe mkononi, maana pampu ndefu iliyo nzima hupendwa na watu wengi.